Moto wa Kadogo: Nishati na Joto la Nyumba Mukuru kwa Reuben

Mukuru kwa Reuben ni mtaa wa mabanda unaopakana na Eneo la Viwanda, mashariki ya Nairobi, katika eneo bunge la Embakasi Kusini. Nyumba zake nyingi ni chumba kimoja cha mabati, futi kumi kwa kumi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti jua hujificha siku nyingi, usiku ukipoa hadi nyuzi 12 au chini ya hapo. Bati halizuii baridi. Mvuke wa pumzi za waliolala hugeuka matone ukutani na kulowesha nguo zilizotundikwa. Ndiyo sababu historia ya nishati mtaani humu haiwezi kuwa historia ya kupika peke yake. Jiko lililoivisha ugali ndilo lililopasha chumba moto jioni, na kila mradi uliokuja kuokoa makaa ulikutana na kazi hiyo ya pili, hata pale ambapo waliouanzisha hawakuifikiria.

Mtaa ulikua pamoja na viwanda. Maelfu ya wakazi wake ni vibarua wanaosimama mageti ya viwanda asubuhi kungoja kuitwa, na anayekosa kuitwa hurudi nyumbani mikono mitupu. Mapato ya siku yalizaa matumizi ya siku: makaa kwa mkebe, mafuta ya taa kwa chupa ya soda, unga kwa kipimo kidogo, ule ununuzi ambao Wakenya huuita uchumi wa kadogo. Mnunuzi wa mkebe hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko mnunuzi wa gunia, lakini hana pesa za gunia wala pa kuliweka. Mambo mengi yaliyofuata yanaelezwa na ukweli huu mmoja.

Hatua kubwa ya kwanza ya kuokoa makaa haikuanzia Mukuru, ila iliufikia mtaa. Mnamo Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano jijini Nairobi kuhusu vyanzo vipya vya nishati, wakati ambapo bei ya mafuta na kupotea kwa misitu vilikuwa vikitia hofu. Katika miaka iliyofuata wataalamu na mafundi walilichukua jiko la ndoo la Thailand na kulibadilisha lifae upishi wa Kenya. Msanii na mbunifu Maxwell Kinyanjui ni miongoni mwa waliolipa umbo lake: kiuno chembamba, chini pana, na kikombe cha udongo uliochomwa katika nusu ya juu tu. Jiko la zamani la bati tupu lilipoteza joto jingi ubavuni. Katika jiko jipya, udongo uliounganishwa na bati kwa saruji yenye vemikulaiti uliweka joto chini ya sufuria, na makaa yakapungua kwa kati ya theluthi na nusu, kutegemea ubora wa jiko na uangalifu wa mpishi.

Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo na Kamukunji ndio waliolisambaza. Ubunifu huo haukufungwa kwa hataza, hivyo yeyote mwenye nyundo na mkasi wa bati aliweza kuuiga. Ushindani ulishusha bei hadi kibarua akaimudu. Uhuru huohuo ulileta majiko yenye udongo mbichi mbichi uliopasuka baada ya wiki chache, na aliyeumia zaidi ni yule aliyenunua la bei ya chini kabisa. Hata hivyo hakuna mradi wa nishati uliowafikia maskini wa Nairobi kwa upana kama huu, na ulifika kupitia soko la kawaida, si kwa magari ya misaada.

Njia nyingine ya kuokoa nishati ni kuizuia nyumba yenyewe isipoteze joto. Mwaka huohuo wa 1981, nchini Uingereza, lilianzishwa shirika la Neighbourhood Energy Action, lililotokana na vikundi vya mitaani vilivyokuwa vikiziba nyufa na kutandika vizuia-baridi darini kwa wazee na familia zenye kipato kidogo. Njia hiyo haikuota mizizi Mukuru, na sababu si ujinga wa baridi. Sehemu kubwa ya ardhi ya mtaa ilikuwa na hati za watu na kampuni za nje. Mwenye nyumba alijenga kwa bati ili hasara iwe ndogo siku ya kubomolewa, na mpangaji hakuwa na haki ya kuboresha ukuta usio wake. Hofu hiyo ilikuwa na msingi: mwishoni mwa 2021 maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga, mtaa jirani, walibomolewa nyumba wakati wa kufungua njia ya barabara. Kinga ya baridi ikabaki kuwa ile inayoweza kukunjwa na kuhamishwa. Wakazi huweka katoni zilizokunjuliwa kati ya mbao na bati, wakazifunika kwa karatasi za magazeti, kisha wakatundika shuka au pazia kuta zote nne na chini ya paa. Chumba hupata utulivu na hewa ya baridi hupungua. Kitambaa hichohicho, moto ukishika, hupeleka miale toka nyumba moja hadi nyingine kwa dakika chache.

Wanawake wa mitaa ya mabanda walipata akiba nyingine katika kilichokuwa kikitupwa. Katika uchuuzi, kati ya asilimia 10 na 15 ya makaa huishia kuwa vumbi. Vikundi vililikusanya chini ya vibanda vya makaa, vikalichekecha, vikalichanganya na maji na udongo kidogo au karatasi iliyolowekwa, kisha mikono ikafinyanga madonge yanayoanikwa juu ya magunia. Mtafiti Mary Njenga, aliyefanya kazi na vikundi vya namna hiyo Nairobi, alipima gharama ya kupikia githeri (mahindi na maharagwe) ya watu watano: takriban shilingi 3 kwa madonge ya vumbi yaliyotengenezwa nyumbani, shilingi 26 kwa makaa, na shilingi 45 kwa mafuta ya taa. Madonge hushika moto polepole, kwa hiyo huanzishwa kwa vipande vichache vya makaa, lakini yakishika hukaa muda mrefu kuliko makaa yenyewe. Kwa nyumba yenye mtoto mchanga mwezi wa Julai, jambo hilo lilikuwa na thamani kuliko kasi ya kuchemsha chai.

Kuna akiba ya tatu ambayo ripoti za miradi huisahau: biashara ya githeri na maharagwe yaliyochemshwa. Mama mmoja huweka sufuria kubwa juu ya moto mmoja tangu alfajiri, na jioni majirani hununua kwa kikombe, wakaenda kukaanga tu nyumbani. Chakula kinachokula makaa mengi zaidi huiva kwa moto wa pamoja, na hakuna aliyelazimika kuita mkutano ili uanze.

Mafuta ya taa yalitawala kwa miaka mingi kwa sababu yaliuzwa kwa kiasi chochote na stovu iliwaka papo hapo. Utafiti katika mtaa jirani wa Viwandani ulionyesha hewa ya ndani ikichafuka zaidi jioni, saa za kupika na kuwasha koroboi. Mwaka 2018 serikali ilipandisha gharama ya nishati kwa hatua mbili: ilipiga marufuku ukataji miti mwezi Februari, makaa yakaadimika, na Septemba ikaongeza ada ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia uchakachuaji wa dizeli. Lengo lilikuwa wachakachuaji. Mzigo uliangukia stovu za wapangaji.

Stima iliingia Mukuru kwanza kwa mlango wa nyuma. Nyaya za "sambaza" zilitoka kwenye laini halali, na kila nyumba ikalipa kiasi kilekile kila mwezi kwa aliyeiunganisha. Nguvu ilikuwa dhaifu, nyaya ziliua watu na kuchoma nyumba, lakini malipo hayo yasiyobadilika yaliruhusu jiko la umeme la koili kuwaka usiku kucha. Kenya Power ilikata nyaya mchana, usiku zikarudishwa. Katika miaka ya 2010, kwa msaada wa Benki ya Dunia, kampuni ilibadilisha mbinu, ikazungumza na wazee na vikundi vya mtaa, na kuunganisha nyumba kwa shilingi 1,160, wakati mteja wa kawaida alitakiwa kulipa shilingi 35,000. Taa zikawa salama zaidi. Lakini mita ya tokeni huhesabu kila yuniti, na koili ikawa anasa. Makaa yakarudi ndani kupasha moto.

Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango, lenye kaya zaidi ya 100,000. Tangazo hilo lilitokana na miaka ya utetezi wa Muungano wa Wanavijiji, ulioanzishwa 1996 kupinga ubomoaji na ambao vikundi vyake huweka akiba ya sarafu. Kaya kumi zilichagua mwakilishi, na maoni yakapanda ngazi hadi kwenye jopo lililoshughulikia maji, usafi na nishati pamoja. Barabara na mabomba ya maji na ya majitaka yalianza kujengwa 2020. Ukuta wa nyumba haukuguswa.

Gesi ndiyo iliyolijibu tatizo la kadogo moja kwa moja. Mtungi wa kilo 6 ni malipo ya mkupuo. Mtungi wenye mita huruhusu mteja kutuma hata shilingi 50 kwa simu na kupika kiasi hicho. Corona ilipima tofauti hiyo. Watafiti waliohoji kaya za Mukuru kwa Reuben kabla ya vizuizi vya 2020 na tena Aprili mwaka huo walikuta asilimia 95 zimepungukiwa kipato. Kiasi cha robo ya waliojaza mitungi mizima walirudi kwenye mafuta ya taa na kuni. Waliolipia kidogo kidogo karibu wote waliendelea na gesi. Mwaka uliofuata, Julai 2021, gesi iliwekewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Ikapunguzwa nusu 2022 na kuondolewa Julai 2023.

Gesi huzimwa mara chakula kikiiva, na joto lake huondoka nalo. Kwa hiyo nyumba nyingi zenye mtungi huweka pia jiko la makaa kwa majira ya baridi. Huwashwa nje kwenye kijia hadi moshi uishe, kisha huingizwa ndani na mlango kufungwa. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na watu hufa usingizini kila Juni na Julai. Wahudumu wa afya ya jamii hufundisha kuacha dirisha wazi na kulitoa jiko kabla ya kulala, na katika chumba kisicho na dirisha hufundisha kuacha pengo chini ya paa, palepale ambapo katoni na pazia ziliwekwa kuzuia baridi.