Mikelenge na Daftari Zilizosomwa Mbali

Kupanga masomo ya uhasibu huonekana kuwa kazi ya ofisini tu: somo gani litangulie, lipi lifuate, saa ngapi kwa wiki. Lakini kila mpangilio una uamuzi ndani yake kuhusu nafasi ambayo mwanafunzi ataishika kesho. Yuko anayefundishwa kuandika, na yuko anayefundishwa kusoma kilichoandikwa na kukitolea hukumu. Mji wa Kindu, makao makuu ya mkoa wa Maniema nchini Kongo (DRC), ambao Mikelenge ni mojawapo ya komini zake tatu pamoja na Kasuku na Alunguli, umekulia katika biashara ambayo hesabu zake ziliandikwa Maniema na kusomwa kwingine. Nadai kwamba kozi za uhasibu katika mji huu zipangwe kwa nia ya kuvunja urithi huo.

Urithi wenyewe ulianza na misafara. Tangu miaka ya 1860 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walijenga vituo vyao Nyangwe na Kasongo, wakakusanya pembe za ndovu zilizopimwa kwa frasila, na kuteka watu waliouzwa au kubebeshwa mizigo. Biashara hiyo ilisimama juu ya mkopo. Hamed bin Muhammed, maarufu kama Tippu Tip, alipata mtaji kwa Taria Topan, tajiri Mhindi wa Zanzibar, na matunda ya safari ya miaka mingi yalijulikana pale tu pembe zilipofika pwani na deni likakatwa. Mali ilitoka Maniema. Faida ilihesabiwa Zanzibar. Nao waliolipa gharama kubwa kuliko wote, waliotekwa na waliochomewa vijiji, hawakuingia katika hesabu ya hasara ya mtu yeyote.

Ukoloni ulibadilisha wenye daftari tu. Kampuni ya reli ya CFL iliundwa mwaka 1902, na mwaka 1911 ikafungua njia ya kilomita 355 kati ya Kindu na Kongolo, mahali ambapo maporomoko yanazuia meli za Lualaba. Mwaka 1932 ikazaliwa kampuni ya Symétain, iliyochimba bati huko Kalima na Punia. Kazi hizi zilihitaji makarani wa stesheni, wa bohari na wa mishahara, na elimu waliyopewa Wakongo ililenga nafasi hizo za chini. Karani alijua magunia yaliyopakiwa na siku alizofanya kibarua, na nidhamu yake ya stakabadhi ilikuwa ujuzi wa kweli unaostahili heshima. Hata hivyo ujuzi huo ulikatwa makusudi pale ambapo tarakimu zinageuka kuwa uamuzi, kwa maana hesabu za mwaka ziliwasubiri wenye hisa Ubelgiji.

Gharama ya mkato huo ilionekana tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alipotangaza kwamba biashara za wageni zitakabidhiwa kwa Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo. Kote nchini maduka mengi yaliishiwa bidhaa kwa muda mfupi, na mwaka 1976 serikali ikakubali kuwarudishia wenyewe wa zamani. Mtu atapinga kwamba chanzo kilikuwa siasa, kwani maduka yaligawiwa wakubwa na marafiki zao, na mwizi hazuiwi na mizania. Ni kweli, lakini jibu hilo halimalizi jambo. Aliyepewa duka kwa nia njema naye aliweza kuona sanduku limejaa jioni akadhani yote ni faida, ilhali ndani yake mna fedha za kununulia bidhaa nyingine, ushuru na deni la msambazaji. Anayetofautisha mapato na faida ni yule aliyefundishwa kufunga mwaka.

Hapa ndipo mpangilio wa kozi unapokuwa na uzito. Kwa desturi mwanafunzi hukaa muda mrefu na maingizo ya debiti na krediti, halafu kazi za kufunga mwaka, yaani kuhesabu bidhaa zilizobaki, uchakavu na madeni mabaya, humfikia baadaye. Akikatisha masomo kwa kukosa karo, anaondoka akiwa karani yule yule wa stesheni. Shahada ya sasa ya miaka mitatu yenye krediti 180 inaruhusu njia nyingine: mwaka wa kwanza mwanafunzi afunge hesabu nzima za biashara ndogo, kama duka la chumvi na sabuni linalouza kwa fedha taslimu na kwa mkopo, mwaka wa pili aongeze gharama za usafirishaji na kodi, mwaka wa tatu afike kwenye makampuni na ukaguzi. Kila mwaka uwe mduara kamili, mpana kuliko uliotangulia.

Wako watakaosema kwamba mfumo wa uhasibu wa OHADA, jumuiya ya Kiafrika ya kuoanisha sheria za biashara, unaotumika nchini tangu 2014, ni mmoja kwa nchi 17 na haupindwi kwa ajili ya Kindu. Lakini mfumo unaamuru hesabu ziwe vipi. Hauamuru somo lianzie wapi. Zaidi ya hayo, wenyewe umeweka utaratibu mwepesi wa fedha taslimu kwa biashara ndogo, na humo bidhaa zilizobaki na madeni havisahauliki mwisho wa mwaka. Wengine watasema waajiri wanatafuta makarani, na kijana ana haki ya kupata kazi. Lakini anayejua hesabu inaelekea wapi huandika vizuri zaidi, na ni yeye atakayetambua ingizo la uongo.

Tena mwajiri si kampuni peke yake. Sheria ya 7 Oktoba 2008 kuhusu ugatuzi iliifanya komini kuwa chombo chenye utu wa kisheria na bajeti yake. Maana yake Mikelenge, kama komini nyingine, ina hesabu zake, na zinatakiwa kusomwa na madiwani, wachuuzi wanaolipa ushuru wa soko, na wanawake wa likelemba, yaani vikundi vya kuchangiana fedha kwa zamu, ambao tayari wanajua nani amelipa na nani bado. Kozi ikiishia kwenye kuandika, hesabu hizo nazo zitabaki kwa wachache wanaozisoma wenyewe. Ikianzia kwenye kusoma na kuhukumu, raia wa Mikelenge wataweza kudai maelezo kwa tarakimu, na huo ndio uwezo ambao misafara, reli na migodi haikuwaachia.