Mwingereza wa Kikuyu: Chris Froome, kichocho na hesabu ya mlima

Ukimwona mtu wa Igamba anapandisha mlima kwa baiskeli, gunia la mahindi liko kwenye keria, jua kwamba mwili wake unapiga hesabu ileile iliyompa Chris Froome ushindi wa Tour de France mara nne. Hesabu yenyewe ni fupi: mwili unaweza kutumia oksijeni kiasi gani, na unabeba kilo ngapi kwenda juu. Leo tuifuate hesabu hiyo kwenye maisha yake, maana kuna kipande kinachotugusa kabisa sisi tunaooga mtoni.

Vitabu vya rekodi vinamwita Mwingereza. Sawa, lakini alizaliwa Nairobi tarehe 20 Mei 1985, na mbio za baiskeli alifundishwa na Mkenya, David Kinjah, jamaa mwenye rasta ambaye nyumba yake pale Kikuyu ilikuwa ndiyo kambi ya vijana wa Safari Simbaz. Mama yake Froome ndiye aliyemkabidhi kwa Kinjah akiwa bado mtoto. Baadaye akaenda kusoma Afrika Kusini, ila likizo alikuwa anarudi Kikuyu kupanda vilima na wenzake.

Mwaka 2006 aliiwakilisha Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Melbourne. Mwaka huohuo akataka kwenda mashindano ya dunia ya vijana, Salzburg. Alichofanya ni kuingia kwenye barua pepe ya shirikisho la baiskeli la Kenya na kujiandikisha mwenyewe, akaenda peke yake, akakaa hata kwenye kikao cha mameneja. Siku ya mbio, dakika chache tu baada ya kuanza, akamgonga ofisa wa mashindano, wote chini! Unaweza kucheka, lakini jiulize ni vijana wangapi wenye pafu kama lake waliishia nyumbani kwa sababu hawakuwa na nauli wala kompyuta.

Mwaka 2008 alikimbia Tour yake ya kwanza, wiki chache baada ya kufiwa na mama, na tayari alikuwa na leseni ya Uingereza. Mwaka 2010 akaingia Team Sky. Hapo matokeo yakawa ya ajabu: leo yuko juu, kesho anabaki nyuma kabisa. Mwishoni mwa mwaka huo vipimo vya damu vikatoa jibu ambalo mganga yeyote wa zahanati ya kwetu angelitambua: kichocho.

Tukae hapa kidogo. Vijidudu vya kichocho vinakomaa ndani ya konokono wa majini, vinatoka, halafu vinapenya ngozi yako ukiwa umesimama mtoni, bila hata wewe kusikia maumivu ya maana. Ndani ya mwili vinakuwa minyoo inayokaa kwenye mishipa ya damu, karibu na utumbo au kibofu, na chakula chake ni chembe nyekundu za damu. Sasa, chembe nyekundu ndizo zinazobeba oksijeni. Mtu wa kawaida akipungukiwa kidogo atasema tu kwamba amechoka. Mkimbiaji wa baiskeli anayetegemea kila tone la oksijeni anaachwa mlimani. Na mtoto wa shule anasinzia darasani, mwalimu anamwita mvivu. Froome alitibiwa kwa prazikwanteli, dawa ileile wanayopewa wanafunzi wetu baada ya kupimwa urefu, na ilibidi arudie dozi zaidi ya mara moja.

Mwaka 2011 akashika nafasi ya pili kwenye Mbio za Hispania, sekunde 13 tu nyuma ya Juan José Cobo. Mwaka 2019 Cobo alinyang'anywa ushindi kwa doping, na Froome akahesabiwa mshindi.

Lakini kupanda ghafla namna ile kuliwatia watu shaka, na mimi siwalaumu, kwa historia ya mchezo wenyewe. Mwaka 2015 akakubali kupimwa maabara London, na matokeo yakawekwa kando ya kipimo chake cha 2007. Mwaka 2007 alikuwa anatumia mililita 80.2 za oksijeni kwa kila kilo kwa dakika, akiwa na kilo 75.6. Mwaka 2015 ni mililita 84.6, kilo 69.9. Chukua simu, zidisha: ya kwanza inatoa kama lita 6.06 kwa dakika, ya pili lita 5.91. Yaani injini haikukua, ilipungua hata kidogo. Kilichobadilika ni mzigo, karibu kilo sita. Namba hizo hazimtakasi mtu, kwa sababu maabara haipimi uaminifu, ila zinaonyesha kwamba pafu lilikuwepo tangu alipokuwa kijana aliyevaa bado jezi ya Kenya.

Tour alishinda 2013, 2015, 2016 na 2017. Mbio za Hispania za 2017 alishinda pia, ila mkojo wake ulikutwa na dawa ya pumu, salbutamol, mara mbili ya kiwango. Julai 2018 akasafishwa. Katikati ya kesi hiyo akashinda Giro ya Italia baada ya kuwakimbia wenzake peke yake kilomita 80.

Juni 2019, akikagua njia kule Ufaransa, aligonga ukuta akavunjika paja, kiwiko na mbavu. Alirudi barabarani, na mwaka 2022, akiwa na miaka 37, alimaliza wa tatu juu ya Alpe d'Huez. Ushindi mkubwa hakuupata tena. Kinjah yeye alibaki Kikuyu, akitengeneza baiskeli na kufundisha watoto wengine kupanda vilima vilevile.