Kisu cha Kukunja na Adui Wake Matope

Leo tutazungumza habari za kifaa kidogo ambacho pengine kimo mfukoni mwako sasa hivi, yaani kisu cha kukunja. Ukienda kukinunua, mwenye duka atakuonyesha ukali wake na jinsi mpini wake unavyong'aa. Lakini kwa mtu afanyaye kazi katika mchanga na tope, ukali si jambo la kwanza, maana kisu butu hunolewa. Jambo la kwanza ni bawaba na kifungio. Hivyo vikijaa uchafu, kisu kitakataa kufunguka wakati wa haja, ama, lililo baya zaidi, kitajikunja ghafula na kukukata vidole. Hebu tutazame mafundi wa zamani walivyopambana na shida hiyo.

Visu hivi si vya jana. Warumi walikuwa navyo karibu miaka 2,000 iliyopita. Namna iliyo nyepesi kabisa ina kengee, yaani ule ubapa wenye makali, tena mpini uliochongwa mfereji, na msumari mmoja wa kuviunganisha. Kengee hushikwa na mkazo wa mpini tu.

Katika karne ya 17 mafundi wa Sheffield, huko Uingereza, walianza kutia kamani mgongoni mwa mpini. Kamani hiyo huisukuma kengee ikae wazi, ama ikae imefungwa. Lilikuwa jambo jema, na hata leo visu vingi huundwa hivyo. Lakini kamani yataka nafasi ya kucheza. Mchanga ukiingia chini yake, na vumbi la mfukoni likichanganyika na mafuta, kisu huwa kizito kufungua. Na kutu ikiidhoofisha kamani, kengee hulegea. Mwaka 1891 askari wa Uswisi walianza kupewa kisu cha kamani, wakifungulie makopo na skrubu za bunduki. Mpini wake wa kwanza ulikuwa wa mti, ukawa ukibanduka vipande, hata ukabadilishwa.

Ila fundi ninayetaka umjue zaidi ni Joseph Opinel. Alizaliwa mwaka 1872 katika milima ya Savoie, Ufaransa, karibu na mji wa Saint-Jean-de-Maurienne. Baba yake alikuwa mfua vyuma, akiunda zana za wakulima. Mwaka 1890 kijana huyu alibuni kisu kwa ajili ya watu wa kwao. Kilikuwa na vitu vinne tu: kengee, mpini wa mti, msumari, na pete ya chuma iliyokaza kichwa cha mpini. Mwaka 1897 vilikuwa vikiundwa kwa vipimo 12, vikubwa kwa vidogo.

Angalia hekima yake. Pasipo kamani, hapana pango la siri la kuficha mchanga. Mfereji ni mmoja, nawe waweza kuuchokoa kwa kijiti chochote ulichookota njiani. Lakini mti ni mti: ukilowa huvimba na kuibana kengee, kidole kisiweze kuitoa. Watu wa Savoie wana dawa yake. Hugonga kitako cha mpini juu ya kitu kigumu, kengee ikachomoza kidogo, wakaivuta.

Hatari ilibaki moja, kwamba hakuna kilichoizuia kengee isijikunje ila mkazo tu. Mwaka 1955 Marcel, mwana wa Joseph, akaongeza pete ya pili yenye ufa. Ukiizungusha, ufa huhama na chuma cha pete hukaa nyuma ya kengee, isiweze kurudi. Mchanga ukiingia hapo utausikia ukikwaruza, lakini pete i nje, machoni pako, si ndani ya mpini. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika kisu hiki. Mzee Joseph aliwahi kuliona, maana alifariki mwaka 1960.

Wengine walipita njia nyingine. Kisu cha Okapi kilianza kuundwa Ujerumani mwaka 1902 kwa biashara ya makoloni ya Afrika, na wakati huo Tanganyika ilikuwa mojawapo. Tangu mwaka 1988 huundwa Afrika Kusini. Hiki kina kamani yenye tundu, na jino la kengee huingia katika tundu hilo. Ukitaka kukifunga, huvuta pete iliyo mgongoni.

Basi ukiwa dukani, kifungue kisu ukitazame juani: je, waona mahali pote ambapo uchafu utakaa? Kijiti chaweza kufika? Kisha funga kifungio, uubonyeze mgongo wa kengee juu ya meza, vidole vyako vikiwa mbali na makali. Chembe moja ya mchanga yatosha kukifanya kifungio kishike nusu, nacho kitaonekana kizima mpaka utakapokitilia nguvu. Mafuta yawe tone moja kwenye msumari, upanguse yaliyozidi, kwani mafuta mengi hukamata vumbi. Na kisu kikiingia tope kioshe papo hapo, kabla tope halijakauka bawabani, ukiache wazi kikauke.

Katika somo lijalo tutazungumza habari za kufuli na funguo zake.