Walimu wa Pwani katika Madarasa ya Berlin

Agosti 1888, mjini Pangani, mabaharia wa Kijerumani wenye silaha waliingia msikitini na mbwa. Zilikuwa siku za Idd Kubwa. Emil von Zelewski, aliyeuwakilisha mjini humo utawala wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, alikuwa akimsaka liwali aliyekataa kutii amri zake. Sultani wa Zanzibar alikuwa amekwisha kuikodisha pwani kwa kampuni hiyo, na Zelewski aliona karatasi ile inatosha. Katika muda wa wiki chache pwani karibu yote iliwaka moto wa vita, Abushiri bin Salim akiongoza upande wa Pangani na Bwana Heri upande wa Saadani.

Watu hawakupigana kwa sababu ya mbwa peke yake. Kulikuwa na ushuru mpya, na madai juu ya ardhi, na bendera iliyopandishwa bila majumbe na masharifu kushauriwa. Lakini kila aliyesimulia habari za Pangani alirudi kwenye mbwa yule, kwa kuwa hapo ndipo watu walipoona kwa macho yao kwamba wageni hawa hawajui walipo, tena hawajali kujua.

Mwaka mmoja kabla yake, huko Berlin, serikali ya Bismarck ilikuwa imefungua shule kwa ajili ya watu watakaotumwa ng'ambo. Ilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Berlin na iliitwa Seminari ya Lugha za Mashariki. Mkuu wake alikuwa Eduard Sachau, bingwa wa Kiarabu. Ilianza mwaka 1887 kwa kufundisha Kiarabu, Kituruki, Kiajemi, Kihindustani, Kichina, Kijapani na Kiswahili. Kiswahili ndicho pekee kutoka Afrika kusini ya Sahara, na sababu yake ilikuwa dhahiri: Ujerumani ilikuwa imeanza kujitwalia nchi iliyo nyuma ya mrima. Wanafunzi walikuwa vijana wa sheria waliotaka kazi za ubalozi, maofisa wa jeshi, wamisionari, wafanyabiashara na watu wa posta. Wengi wao hawakuwahi kumwona Mwafrika ana kwa ana.

Seminari haikuishia kwenye sarufi. Yalikuwapo masomo ya afya ya nchi za joto, jiografia, mimea na sheria. Mwaka 1897 Sachau alichapisha kitabu kinene juu ya sheria ya Kiislamu kwa madhehebu ya Shafii, kwa kuwa ndiyo iliyofuatwa na Waislamu wa pwani ambao maofisa wake wangekwenda kuwahukumu katika mirathi na talaka. Hayo yalikuwa maandalizi ya kina. Mtumishi wa serikali aliyepitia darasa lile alikuwa na habari nyingi za pwani kabla ya kupanda meli kuliko wageni wengine waliokaa Dar es Salaam miaka.

Jambo lililoipa shule hiyo uzito, hata hivyo, ni walimu wake wawiliwawili. Kwa kila lugha alikuwapo Mjerumani wa kueleza kanuni na mwenyeji wa lugha wa kuzungumza na wanafunzi, kuwasomea, kuwasahihisha matamshi na kuwaandikia barua za mfano. Upande wa Kiswahili alianza mchungaji Carl Gotthilf Büttner, na miongoni mwa wasaidizi wake wa kwanza alikuwa Amur bin Nasur, Mwarabu wa Zanzibar mwenye asili ya Oman, aliyefundisha Berlin kuanzia 1891 hadi 1895. Amur hakufika kusomesha tu. Aliandika kwa Kiswahili habari za maisha yake na za nchi aliyoikuta Ulaya, nazo zikachapishwa mwaka 1894 katika kitabu alichokikusanya Büttner. Kwa hiyo kijana wa Kijerumani aliyekuwa akijiandaa kwenda Zanzibar alijifunza kusoma Kiswahili kwa kumtazama Mzanzibari akiitazama Berlin. Ni vigumu kuwazia somo bora zaidi la kumtoa mtu katika fikra kwamba desturi za kwao ndizo kipimo cha dunia.

Büttner alifariki mwaka 1893, na baada ya muda nafasi yake ikachukuliwa na Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali huko Dar es Salaam. Velten alikuwa na tabia ya kuwaomba watu wa pwani waandike wenyewe. Mwaka 1901 alichapisha Safari za Wasuaheli, na humo yumo Selim bin Abakari, Mngazija aliyefuatana na bwana wake Mjerumani mwaka 1896 kupitia Urusi hadi Siberia. Msomaji anakutana na Mwislamu wa visiwani akieleza mito, masoko na watu wa nchi ya baridi kali, kwa utulivu wa mtu aliyezoea kuwa mgeni.

Mwaka 1900 akawasili Berlin mtu ambaye jina lake ndilo linalostahili kukaa mbele katika historia hii: Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, mwalimu wa Kurani. Alikuwa amesafiri bara na kuandika safari zake. Akawa msaidizi wa Velten, na mwaka 1903 kikatoka mjini Göttingen kitabu cha Desturi za Wasuaheli, maandishi ya Mtoro pamoja na ya wenzake wengine wa pwani. Jaladani likawekwa jina la Velten.

Kitabu hiki kinamfuata mtu tangu tumboni mwa mama hadi kaburini. Kinaeleza uzazi na kunyoa nywele za mtoto, chuo na fimbo ya mwalimu, jando na unyago, posa, mahari na harusi, ngoma, utani, pepo na uganga wake, safari za bara, utumwa na aina zake, deni na rehani. Mwandishi haoni haya wala hajitetei. Anaeleza mambo kama mwenyeji anayemzungusha mgeni mtaani, akisimama zaidi pale anapojua mgeni atajikwaa.

Na mgeni angejikwaa katika mambo madogo kwanza. Chukua suala la kufika nyumbani kwa mtu. Pwani, mlango ulio wazi si ruhusa ya kuingia. Mtu anasimama nje, anapiga hodi, anangoja. Asipojibiwa anapiga tena, na mara ya tatu akikosa jibu anakwenda zake bila kinyongo, kwa maana huenda mwenye nyumba yumo lakini hana nafasi. Akikaribishwa, mwanamume mgeni anaishia barazani au sebuleni. Ndani ni kwa wenyewe. Halafu kuna salamu, nazo haziishi kwa neno moja: hali yake, watu wa nyumbani, safari, na ndipo shida iliyomleta mtu inapotajwa. Ofisa anayesukuma mlango na kuuliza kodi kabla ya kumjulia mtu hali amekwisha kumtukana mbele ya wanawe, hata kama Kiswahili chake hakina kosa.

Haya yote yaliweza kujifunzwa Berlin, na bila shaka wako waliojifunza. Heinrich Brode, mmoja wa waliotoka katika seminari hiyo, alifika Zanzibar akiwa na lugha na subira ya kutosha hata Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara ya bara, akamwandikia habari za maisha yake, zikachapishwa kwa Kiswahili na Kijerumani mwanzoni mwa karne iliyopita. Bila kazi hiyo sehemu kubwa ya historia ya misafara ingepotea.

Lakini shule ile ilikuwa na dosari kubwa kuliko yote iliyoyafundisha, nayo ni sababu iliyoifanya iwepo. Mwanafunzi aliandaliwa kuijua desturi ya Mswahili ili amtawale. Julai 1905, miaka miwili tu baada ya kitabu cha Mtoro kutoka, watu wa Umatumbi waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Viliendelea hadi 1907, na njaa iliyofuata majeshi ya Kijerumani kuchoma vyakula iliua watu wengi mno. Mashamba yale ya pamba yasingekuwa halali kwa sababu tu akida au ofisa anajua kupiga hodi vizuri.

Mwaka huohuo wa 1905 Mtoro mwenyewe alipata jibu lake. Alikuwa amemwoa Bertha Hilske, mwanamke Mjerumani, mwaka uliotangulia, na wakapanda meli kurudi pwani. Utawala wa koloni, chini ya Gavana von Götzen, ulikataa mke huyo ashuke. Ndoa ilikuwa halali Ujerumani. Katika koloni ilionekana hatari kwa heshima ya Wazungu. Wote wawili wakarudishwa Ulaya. Mtu aliyewafundisha maofisa namna ya kuingia kwa adabu katika nchi yake alizuiwa kuingia humo pamoja na mkewe. Baadaye alifundisha Hamburg chini ya Carl Meinhof, kisha akaishi kwa kutoa mihadhara juu ya Afrika Mashariki katika miji ya Ujerumani, hadi alipofariki mwaka 1927.

Hakuna aliyewaandaa walimu hawa kwa Berlin. Msafiri wa Kijerumani alipewa kamusi, mwalimu wa matamshi, sheria ya mirathi na dawa ya homa. Amur na Mtoro walipewa mkataba wa kazi na tiketi ya meli. Baridi, chakula, upweke wa mwezi wa Ramadhani katika mji usiofunga, watoto na vijana wanaomfuata mtu barabarani kwa sababu ya rangi yake, vyote walivikabili wenyewe. Darasani pia walikuwa chini ya mwalimu Mjerumani, wakisahihisha lugha ya watu ambao kesho wangekuwa wakubwa wa ndugu zao.

Hata koloni lilipokwisha mambo hayakubadilika sana. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kama Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 na alilitumikia jeshi la Kijerumani akiwa bado mtoto katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Alikwenda Berlin mwaka 1929 kudai mshahara ambao baba yake na yeye hawakulipwa, na hakulipwa. Miaka ya 1930 alifundisha Kiswahili katika seminari ileile, huku akitumikia wateja mikahawani na kuigiza katika filamu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano wake na mwanamke Mjerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, na huko akafa Novemba 1944.

Desturi za Wasuaheli ilitafsiriwa kwa Kiingereza na J. W. T. Allen na kuchapishwa California mwaka 1981, safari hii jina la Mtoro likiwekwa jaladani. Kiswahili kinafundishwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Humboldt, mrithi wa chuo kilichoilea seminari. Wanafunzi wa Ulaya na Marekani wanaotaka kuzoea lugha na maisha ya pwani wanakwenda Zanzibar, wengi wao katika Chuo Kikuu cha Taifa, na baadhi wanakaa na familia mitaani. Huko mwalimu ni mwenye mji. Ndiye anayetoa alama, na mwenye nyumba ndiye anayeamua kama mgeni atakaribishwa ndani au ataishia barazani.