Silikanti: samaki aliyeficha mimba yake kwa miaka 37

Wengi wetu tukisikia silikanti tunakumbuka jambo moja tu: samaki wa kale aliyedhaniwa kutoweka enzi za dinosaria, kisha akaibuka hai. Hadithi hiyo imeandikwa sana magazetini. Leo naomba tuchungulie tumboni mwake, maana habari kubwa zaidi imo humo.

Turudi Desemba 1938, East London, Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya mji huo, alimkuta samaki wa ajabu kwenye shehena ya meli ya uvuvi. Joto lilikuwa kali na hakupata mahali pa kumhifadhi kwenye baridi. Ikabidi akaushwe, na viungo vya ndani vikatupwa. Profesa J.L.B. Smith alipofika Februari 1939, hapakuwa na tumbo la kuchunguza. Swali la "anazaaje?" lilikuwa limeshakwenda jalalani pamoja na utumbo!

Swali lenyewe lilikuwa la zamani. Mwaka 1927 Mwingereza D.M.S. Watson alieleza habari za silikanti aliyegeuka jiwe, mwenye mifupa ya samaki wadogo ndani yake. Watson alisema ni watoto. Wengine wakasema hapana, huyo alikula wenzake.

Silikanti wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952, kisha wakafuata wengine, na Wafaransa waliotawala visiwa hivyo wakawachunguza kwa makini. Mwaka 1972 ikatangazwa kwamba jike mmoja amekutwa na mayai 19, kila moja kubwa kama chungwa, na hayana gamba gumu. Ikaonekana kama jibu limepatikana: anataga.

Kumbe jibu lilikuwa New York muda wote. Makumbusho ya huko yalikuwa na jike aliyevuliwa Komoro mwaka 1962. Silikanti ni mali adimu, nani athubutu kumpasua? Mwaka 1975 hatimaye wakampasua. Ndani walikuta watoto watano, kila mmoja akizidi sentimita 30, bado wamebeba mfuko wa kiini cha yai. Watson hakuwa amekosea: silikanti anazaa!

Mambo yako hivi. Yai halitoki nje. Linabaki kwenye mrija wa uzazi wa mama, mtoto anakua humo akila kiini chake mpaka awe samaki kamili. Na dume? Hana kiungo cha nje cha kupandia kama alichonacho papa, ila mbegu zinamfikia jike ndani ya mwili. Mwaka 2013 uchunguzi wa vinasaba vya watoto wa jike wa Msumbiji na mwingine wa Tanzania ulionyesha kila mama alizaa na dume mmoja tu. Huyo wa Msumbiji, aliyevuliwa 1991, alikuwa na watoto 26 tumboni.

Sasa unganisha na hili: mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa, wakisoma alama kwenye magamba, walikadiria kuwa mimba huchukua kama miaka mitano, jike hukomaa akiwa na miaka zaidi ya 50, na silikanti anaweza kufika karibu miaka 100.

Kwa nini nasema haya? Kwa sababu tangu 2003 silikanti wamekuwa wakinaswa kwetu Tanzania, wengi kwenye majarife ya papa mkoani Tanga. Mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Hatua nzuri. Lakini jarife halichagui. Likimnasa jike mwenye mimba, linaondoka na ukoo mzima, na bahari itasubiri zaidi ya nusu karne kupata mzazi mwingine wa kushika nafasi yake.

Tukiandika "samaki wa maajabu anaswa Tanga", sisi waandishi tuulize na hili: alikuwa dume au jike? Tumboni mlikuwa na nini?

Wadau mnasemaje?