Hongo ya Njiani na Bei ya Mzigo



Mkazi wa Ggaba anayeagiza bidhaa ng'ambo kwa simu huona bei moja, na mzigo ukimfikia hulipa nyingine. Jambo hilo si geni katika ufuko huo wa Ziwa Victoria. Katika karne ya 19 shehena ya pwani ilichukuliwa na wapagazi, kila mmoja ratili 60 au 70. Tajiri aliwalisha kwa miezi. Tena njiani, hasa Ugogo, alitoa hongo, yaani ushuru wa kupita, uliolipwa watawala kwa nguo, shanga na nyaya. Yote hayo yaliingia katika bei.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na Kampala mwaka 1931. Wapagazi wakatoweka, gharama za njiani hazikutoweka.

Leo, kwa mzigo uliokuja kwa meli, forodha hujumlisha bei, nauli na bima, kisha hutoza. Jumla ikiwa shilingi 100,000 na ushuru asilimia 25, hesabu hufika 125,000. Na kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, hutozwa juu ya hiyo 125,000. Hayo ni ya sheria, na yana stakabadhi.

Neno hongo nalo lingali hai, ila sasa maana yake ni rushwa. Askari akipokea noti kizuizini kati ya Malaba na Kampala, hakuna stakabadhi. Mwenye lori huirejesha katika nauli, na mke wa askari mwenziwe, sokoni Ggaba, huilipa bila kujua.