Chuo Kilichofungua Mlango: Habari za Mwanzo wa University College ya London

Kijana akitaka leo kuingia katika masomo makubwa, ataulizwa kama amemaliza sekondari, kama ameshinda mtihani, na kama wazazi wake wana pesa za kulipa. Lakini katika Uingereza, karibu miaka 200 iliyopita, kulikuwa na swali jingine lililoyatangulia hayo yote: Wewe ni wa dini gani? Aliyejibu vibaya alirudi nyumbani, hata akiwa na akili kupita wenzake wote. Leo tunataka kueleza habari za chuo kilichoanzishwa ili kuliondoa swali hilo mlangoni.

Wakati ule Uingereza penyewe palikuwa na vyuo vikuu viwili tu, Oxford na Cambridge. Vyote viwili vilianzishwa zamani, watu wote wa nchi walipokuwa bado Wakatoliki. Baada ya wafalme kuachana na Papa, vyuo hivyo vikawa mali ya Kanisa la Anglikana. Huko Oxford kijana hakuandikwa kuwa mwanafunzi mpaka atie sahihi yake chini ya vifungu 39 vya imani ya Kianglikana. Huko Cambridge aliweza kusoma, lakini siku ya kupewa shahada alitakiwa kukiri kwamba yeye ni wa Kanisa hilo. Sasa, kati ya vifungu vile 39 kimoja kinaikataa sadaka ya Misa kama Wakatoliki wanavyoifundisha, na kingine kinasema kwamba Askofu wa Roma hana mamlaka katika Uingereza. Mkatoliki angetiaje sahihi hapo? Basi Wakatoliki walibaki nje, na pamoja nao Wayahudi, Wabatisti, watu wa Quaker na wengine wengi.

Mwaka 1825 mshairi mmoja wa Skotlandi, jina lake Thomas Campbell, aliandika barua katika gazeti la The Times. Alikuwa amekwisha kutembelea vyuo vikuu vya Ujerumani, akaona vijana wa dini mbalimbali wakikaa darasa moja bila ugomvi. Akauliza kwa nini London, mji mkubwa namna ile, hauna chuo chake. Mwanasheria Henry Brougham akalishika neno hilo. Mwaka 1826 wakaanza kuuza hisa, kila moja pauni 100, maana serikali haikuwapa kitu. Katika baraza la kwanza walikaa watu ambao si kawaida kuwaona meza moja: Duke wa Norfolk, mkubwa wa Wakatoliki wa Uingereza, Isaac Lyon Goldsmid, Myahudi, aliyekuwa mmoja wa watu watatu walionunua kiwanja, na Waprotestanti wa makundi mengi.

Watu hao walipatana jambo moja gumu: chuo hakitafundisha dini yoyote. Walisema hivi: tukichagua dini moja, tutawafukuza wengine, nasi tutakuwa kama wale waliotufukuza sisi. Afadhali kila mwanafunzi afundishwe dini yake na wazazi wake na wachungaji wake. Maneno hayo yaliwachukiza wengi. Chuo kilipewa jina la kukidharau, wakakiita chuo kisicho na Mungu. Mwaka 1829 Waanglikana wakaanzisha cha kwao hapohapo London, wakakiita King's College, ili vijana wafundishwe elimu pamoja na dini ya Kanisa lao.

Milango ilifunguliwa Oktoba 1828, katika njia iitwayo Gower Street. Jengo lilichorwa liwe kubwa na zuri, lakini pesa zilikwisha kabla ya kulimaliza. Sehemu ya mbele ilisimama na nguzo zake, pande nyingine zikangoja. Walingoja sana, maana uwanja ule ulikamilika kujengwa pande zote mwaka 1985! Hata hivyo masomo yalianza. Wanafunzi hawakulala chuoni kama huko Oxford. Walitoka kwao asubuhi, wakarudi jioni, na kwa sababu hiyo gharama yao ilikuwa ndogo. Walifundishwa uganga wa hospitali, kemia, sheria za Uingereza, lugha za siku zile kama Kifaransa na Kijerumani, na mambo mengine ambayo vyuo vya zamani viliyajali kidogo tu.

Msidhani kwamba yote yalikwenda vizuri. Wanafunzi wa uganga walimkataa mwalimu wao wa anatomia, wakapiga kelele darasani hata asiweze kufundisha. Mwaka 1831 wakubwa wakamfukuza. Augustus De Morgan, mwalimu wa hesabu aliyewekwa katika kazi akiwa na miaka 21 tu, aliona kwamba haki ya mwalimu imevunjwa, akaacha kazi siku zile. Alirudi mwaka 1836.

Kati ya wanafunzi wa kwanza kabisa wa De Morgan alikuwamo mtoto wa miaka 14, Myahudi, jina lake James Joseph Sylvester. Alikaa miezi michache tu, kisha watu wa nyumbani wakamwondoa. Baadaye aliingia Cambridge, na mwaka 1837 akawa wa pili katika mtihani mkubwa wa hesabu. Kisha walimwambia nini? Hakuna shahada, kwa kuwa hawezi kukiri imani ya Kianglikana. Sylvester akarudi Gower Street, safari hii kama mwalimu, na shahada yake akaipata Dublin mwaka 1841. Sheria ya kuondoa vizuizi hivyo huko Oxford na Cambridge ilimalizika mwaka 1871. Mwaka 1883 Oxford yenyewe ikamwita aje kuwafundisha wanafunzi wake hesabu. Alikuwa mzee wa miaka 69.

Mwingine ni Joseph Lister, wa kundi la Quaker, aliyeingia chuoni mwaka 1844. Tarehe 21 Desemba 1846, katika hospitali ya chuo, mpasuaji Robert Liston alimkata mgonjwa mguu akiwa amelazwa usingizi kwa dawa ya eteri. Huo ulikuwa mwanzo mkubwa kwa Uingereza. Lakini hatari nyingine ilibaki: mgonjwa aliponea kisu, akafa kwa kidonda kilichooza. Ni Lister aliyelishughulikia jambo hilo. Alipokwisha kusoma kazi za Mfaransa Louis Pasteur juu ya vijidudu, mwaka 1865 huko Glasgow alianza kusafisha vidonda kwa asidi ya karboliki. Ndugu msomaji, ukienda zahanati na muuguzi akakuosha kidonda kwa dawa inayouma kabla ya kukifunga, mkumbuke kijana huyo ambaye dini yake ilimfungia mlango wa Oxford. Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tena, mwaka 1863 walifika vijana watano Wajapani. Walikuwa wametoroka kwao, maana sheria ya Japani iliwakataza watu kutoka nchini, na adhabu yake ilikuwa kifo. Profesa wa kemia, Alexander Williamson, aliwasaidia, na wengine kati yao akawakaribisha nyumbani kwake. Mmoja wao, Ito Hirobumi, mwaka 1885 akawa waziri mkuu wa kwanza wa nchi yake.

Lakini shahada zilitoka wapi? Vyuo vya zamani vilikataa kwamba chuo cha Gower Street kiruhusiwe kuzitoa. Mwisho serikali ikapatanisha. Tarehe 28 Novemba 1836 chuo kikapewa jina la University College, na siku ileile ikaundwa University of London, kazi yake kutahini wanafunzi wa vyuo vyote viwili na kuwapa shahada. Hapo Wakatoliki walipata njia. Tangu mwaka 1840 vijana wa Stonyhurst, shule ya mapadri Wajesuiti, walifanya mitihani ya London bila kuulizwa imani yao. Mwaka 1858 njia ikapanuliwa, hata mtu asiye na chuo aliweza kujaribu. Mwaka 1878 wanawake nao wakakubaliwa, mbele ya vyuo vikuu vyote vya Uingereza. Ni njia hiyohiyo iliyofika Afrika ya Mashariki: wanafunzi wa Makerere, na wale wa Dar es Salaam chuo chao kilipofunguliwa mwaka 1961, walisomea shahada za London.

Je, sisi Wakatoliki tuseme nini juu ya chuo hicho? Mtakatifu John Henry Newman, katika hotuba zake za Dublin mwaka 1852, alisema kwamba chuo kinachojidai kufundisha elimu yote, kisha kinaacha elimu ya Mungu, kimepunguza elimu yenyewe. Sisi tunaamini kwamba alisema kweli. Tena chuo chenyewe kiliteleza. Mwaka 1866 baraza lilikataa kumpa James Martineau kiti cha falsafa, kwa sababu alikuwa mhubiri wa Waunitari. De Morgan, ambaye sasa ni mzee, akaacha kazi mara ya pili, akisema kwamba wameivunja ahadi yao ya mwanzo. Kumbe hata waliofungua mlango wanaweza kuusukuma ufungike tena!

Lakini tusisahau upande wa pili. Newman mwenyewe alikuwa mwalimu wa Oxford alipokuwa Mwanglikana. Mwaka 1845, alipoingia Kanisa Katoliki, nafasi yake huko ilikwisha. Wakati ule walioshika vifungu 39 mkononi walijiona wanalinda imani, nao walikuwa wakiwafukuza watoto wa wenzao. Na wale walioitwa watu wasio na Mungu ndio waliomfungulia mlango kijana Mkatoliki asiyetaka kuikana Misa.

Basi sisi tunaofundisha, na ninyi wazazi, tujichunguze. Tumfundishe mtoto imani yake nyumbani na kanisani, tusiwaachie wengine kazi hiyo. Lakini mtoto wa jirani akija kwenye shule yetu na daftari lake mkononi, tusimwulize kwanza baba yake anasali wapi. Tumpe nafasi kwenye benchi, asome.